Mjane wa Thornhaye (9): Mama wa Ubatizo

Tulimwacha Hawisa amenyoosha kidole, na pete imeshafika kwenye ukucha.

Halafu ikasikika ile sauti kutoka njia ya kinu: "Simamisheni! Simamisheni kila kitu!"

Mlioweka dau kwamba ni Warin anakuja na upanga, poleni. Warin alikuwa pale pale mlangoni mwa kanisa, hatua tatu nyuma ya bibi harusi, amekunja mikono, anatazama viatu vyake kana kwamba ameviona leo.

Aliyekuwa anapiga kelele ni Mama Gunora, mkunga. Alikuja mbio kwenye tope, gauni amelipandisha magotini, na kifuani amekumbatia kitu kilichozungushiwa shali.

"Padre!" alihema. "Acha ndoa. Leta maji."

Kama umejiunga nasi leo, vuta kiti, nakueleza upesi. Hawisa ana miaka ishirini na minne na ameshazika waume wawili. Wa kwanza alipewa akiwa bado anacheza na wanasesere. Wa pili alipewa kwa sababu baba yake alikitamani kinu cha jirani. Safari hii alitaka kuchagua mwenyewe, na alishachagua: Warin, askari wa nyumba yake, mwenye mabega mengi na maneno machache. Lakini mfalme amemuuzia Bwana Fulko wa Brandeston kibali cha kumuoa mjane huyu, kama vile mtu anavyouza haki ya kuvua samaki kwenye bwawa.

Sheria inasema mjane halazimishwi kuolewa. Sheria nzuri sana hiyo. Ila Hawisa akisema hapana kwa mdomo wake, mfalme anaichukua Thornhaye yote, kuanzia mnara mpaka bata wa mwisho. Kwa hiyo alihitaji mtu mwingine akatae kwa niaba yake, mtu ambaye mfalme hawezi kumnyang'anya kitu.

Wiki nzima alihangaika. Alijifanya ana homa, Fulko akamletea ruba kumi na wawili. Alisema ana nadhiri ya kwenda kuhiji, Fulko akasema, "Vizuri, tutakwenda wote." Aliificha pete ndani ya bata mzinga wa... hapana, samahani, bata bukini, na Fulko akaing'ata wakati wa chakula cha jioni, akaipangusa, akasema ni bahati njema. Mwanamume huyu huwezi hata kumuudhi!

Na kesho ni Jumapili ya kwanza ya Majilio. Majilio yakianza, hakuna ndoa mpaka Krismasi ipite. Ndiyo maana Fulko alikuwa na haraka. Ndiyo maana tuko mlangoni mwa kanisa asubuhi yenye baridi ya kukata masikio.

"Amezaliwa alfajiri," alisema Mama Gunora. "Amekuwa wa bluu. Sidhani kama ataona mchana."

"Angojee," alisema Fulko. "Unaona nimeshika pete."

"Bwana, roho haingoji," alisema Padre Osbert, akipiga chafya. "Mtoto wa nani?"

"Wa Sabina. Dobi."

Watu wote pale, kama arobaini hivi, wakageuka kwa pamoja na kumtazama Fulko.

Na walikuwa na sababu. Mwezi wa pili, mume wa pili wa Hawisa alipozikwa, Fulko alikuja kutoa pole. Pole yake ilichukua wiki tatu. Na katika wiki hizo tatu, bwana huyu alionekana kwenye banda la kufulia mara nyingi kuliko nguo zenyewe. Tangu mwezi wa pili hadi leo mwishoni mwa Novemba, hesabu mwenyewe kwa vidole.

Fulko akasafisha koo. "Ni wa kike au wa kiume?"

"Wa kiume, bwana."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fulko ana mabinti sita. Sita! Mke wake wa kwanza, Mungu amrehemu, alijaribu mpaka akachoka na dunia. Kila mwaka jirani zake walimtumia salamu za pole badala ya pongezi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "wa kiume", akili inaondoka kwanza, mdomo unabaki.

"Wa kiume!" alipiga kelele. "Mmesikia? Wangu! Wangu huyo! Mmezoea kusema Fulko hawezi, haya, mtazameni!"

"Bwana," Mama Gunora alianza, "mimi bado sijase..."

"Nyamaza, mama, mikono yako imebarikiwa. Aitwe Fulko!"

Hawisa alikuwa bado amenyoosha kidole. Alikirudisha polepole.

Kuna kitu kilimjia kichwani, msomaji, na kilimjia kizima kama yai. Mtoto wa kiume anahitaji wasimamizi watatu: wanaume wawili na mwanamke mmoja. Na anayemshika mtoto kwenye maji ya ubatizo anakuwa ndugu wa roho wa baba yake. Ndugu hawaoani. Hata mfalme hawezi kulivunja hilo, labda apande farasi mpaka Roma kwa Baba Mtakatifu.

"Nitamshika mimi," alisema Hawisa.

"Mnaona?" Fulko aliwaambia wageni wake, macho yamelowa. "Mnaona mke niliyepata? Mwingine angenuna!"

"Hawisa," Warin alinong'ona nyuma yake. "Usifanye hivyo."

"Bibi Hawisa," alimsahihisha kwa meno yaliyofungwa. "Tuko mbele za watu. Na nakuokoa wewe pia, mpumbavu. Njoo uwe msimamizi wa pili."

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Mkono unaniuma."

"Jana ulimtoa ndama mtaroni kwa mkono huo!"

"Ndio uliouma."

Hawisa alimtazama kwa hasira. Wiki nzima yeye amekunywa dawa chungu, amenyonywa damu na ruba, amepiga magoti kwenye jiwe la baridi akisingizia nadhiri. Warin amefanya nini? Amesimama. Kazi yake ni kusimama tu, kama mlingoti. Na leo, siku moja anaombwa kushika kitoto chenye uzito wa mkate, mkono unamuuma!

Wakachukuliwa mpiga kengele na rafiki mmoja wa Fulko. Wakaingia ndani.

Maji yalikuwa na barafu pembeni. Padre Osbert aliivunja kwa kiwiko, akasoma maneno upesi upesi, akamzamisha mtoto. Hawisa akampokea kutoka majini kwa mikono yake miwili, mbele ya macho ya wote. Na yule mtoto aliyekuwa anakufa akafungua mdomo na kutoa mlio ambao uliwaondoa njiwa darini. Kutoka bluu akawa zambarau, kutoka zambarau akawa mwekundu.

"Huyu hafi," alisema Mama Gunora, na hakuonekana kufurahi sana.

Wakarudi mlangoni. Hawisa alikuwa na kitoto begani, tope kwenye pindo, na tabasamu ambalo hajalivaa tangu mwezi wa pili.

"Tulikuwa wapi?" alisema Padre Osbert, akitafuta ukurasa. "Ee, hapa. Kama kuna yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii, aseme sasa."

"Mimi," alisema Hawisa.

Padre alimtazama juu ya kitabu. "Bibi, nafasi hiyo si ya bibi harusi."

"Padre, mtu anaruhusiwa kumuoa mama wa ubatizo wa mwanawe?"

"Kwa vyovyote haruhusiwi, ni undugu wa roho, hilo hata mtoto wa..." Padre akamtazama mtoto. Akamtazama Fulko. Akafunga kitabu kwa mikono miwili, kama anayezuia kitu kisitoke. "Ee Mama wa Mungu. Nimefanya nini."

Kisha mwanamke mmoja huko nyuma akaanza kucheka, wa pili akamfuata, na kicheko kikawa cha wote.

Fulko alichelewa kidogo. Ulimuona uso ukifikiri. Halafu akaelewa, na mishipa ya shingo ikasimama.

"Mtoto si wangu!"

"Umesema ni wako mbele ya watu arobaini," alisema Hawisa.

"Nilisema kwa furaha!"

"Na umempa jina lako."

"Fulko ni jina la kawaida! Nusu ya mbwa wangu wanaitwa Fulko!"

"Bwana," alisema Padre akipangusa pua, "hapa hakuna ujanja. Kama ni wako, ndoa haipo. Kama si wako, ndoa ipo. Ni lipi?"

"Si wangu. Naapa."

"Basi asiape yeye," alisema Hawisa. Na hapa, msomaji, natamani ningekuwepo nimzibe mdomo. "Yupo anayejua. Mama Gunora, ulimuuliza Sabina kwenye uchungu, kama mkunga anavyopaswa?"

Maana ndivyo wakunga wanavyofanya kule. Mwanamke asiye na mume akifika pale pagumu kabisa, mkunga anakunja mikono na kusema: taja baba, au najikalia. Na jina linalotajwa hapo hubebwa kama injili, kwa sababu nani ana nguvu ya kutunga uongo saa ile?

"Nilimuuliza," alisema Mama Gunora.

"Akataja?"

"Akataja."

"Basi weka mkono kwenye kitabu cha Padre, useme."

"Bibi yangu, mwanangu. Mtoto amepona, tumshukuru Mungu, twende tukapate supu."

"Mama Gunora! Nimehangaika wiki nzima! Nimeliwa na ruba! Sema jina!"

Mkunga aliweka mkono kwenye kitabu. Alifumba macho.

"Alisema Bwana Warin."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Hawisa aligeuka taratibu. Warin alikuwa bado anatazama viatu vyake, na masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyebatizwa.

"Ilikuwa kabla yako," alisema. "Mwezi wa pili. Wewe na mimi tulianza Pasaka."

"Mwezi wa pili ulikuwa unanishika mkono kaburini, ukiniambia nisilie!"

"Na hukulia."

"Kwa nini hukusema? Nimepita mbele yako nikiwa nimembeba! Ungesema neno moja!"

"Nilisema usifanye hivyo."

"Hilo si neno, Warin! 'Ni wangu', hilo ndilo neno! Fulko kalisema bila hata kuulizwa!"

"Nilikuwa naomba awe wa Fulko," alisema Warin. "Tangu nilipoona tumbo lake nilikuwa naomba. Nilidhani Mungu atanisikia."

Aliinua mkono kumgusa mtoto. Hawisa akarudi nyuma hatua moja. Si kwa hasira, au si kwa hasira tu. Ni kwamba mkono ule ulikuwa sasa mkono wa kaka yake. Sheria ile ile aliyomtegea Fulko ilikuwa imefunga mlango, na mtu aliyebaki nje hakuwa Fulko. Alimpenda mwanamume mmoja maishani mwake, mmoja tu, na dakika kumi zilizopita alikuwa amemfanya ndugu kwa mikono yake mwenyewe, akitabasamu.

Mtoto akamcheulia begani.

"Basi!" Fulko alipiga makofi. Alikuwa anang'aa. "Mambo yamenyooka. Huyu si wangu, asante Mungu, na mimi si ndugu wa mtu. Padre, fungua kitabu. Bibi, kidole."

Mkunga alimchukua mtoto. Hawisa alibaki mikono mitupu.

Hana homa tena. Hana nadhiri. Hana bata bukini. Hana hata Warin wa kumpigania. Kilichobaki ni nyumba ya Thornhaye na ngozi yake mwenyewe, na kwa vyote viwili kuna mtu amesimama mbele yake na pete ya dhahabu yenye alama ya jino.

"Kwa hiari yako, Hawisa," alianza Padre, "unakubali..."

"Baba," ilisema sauti ndogo. "Ulisema tukimaliza haraka tutamwona askofu."

Ni Jokosa, binti wa sita wa Fulko, miaka saba, pua inachuruzika. Ndiye aliyekuwa ameshika pindo la gauni la bibi harusi tangu asubuhi, na hakuliachia hata kisimani pa ubatizo. Wiki nzima, Hawisa alipokuwa anajifanya mgonjwa, mtoto huyu alikuwa anapanda kitandani kwake ili asukwe nywele. "Utakuwa mama yangu?" alimuuliza siku ya pili. "Kaa vizuri, nakosea mistari," Hawisa alijibu.

"Ngoja kwanza," alisema Fulko.

"Lakini anapita sasa hivi! Nasikia kengele za farasi! Na nguo yangu ninayo!"

Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe cha kitani, kirefu, kimekunjwa vizuri. Ni kile cha kufungwa kwenye paji la uso baada ya mafuta ya kipaimara.

Hawisa alikitazama kile kitambaa.

Kipaimara, msomaji. Kipaimara nacho kina msimamizi. Na msimamizi wa kipaimara naye ni ndugu wa baba, sawasawa na yule wa ubatizo. Na baba wa Jokosa, hakuna mkunga duniani angeweza kumbadilisha: pua ni ile ile, kidevu ni kile kile.

"Jokosa, mpenzi," alisema Hawisa, na sauti yake ilikuwa tulivu mno. "Nani atakusimamia?"

"Shangazi. Lakini amebaki nyumbani, jino linamuuma."

"Ahaa."

Fulko hakuelewa. Alikuwa anaifuta pete kwenye mkono wa koti. Aliyeelewa alikuwa Padre Osbert. Macho ya yule mzee yalikwenda kwa mtoto, yakaenda barabarani, yakarudi kwa Hawisa. Kisha akapiga chafya kubwa, ndefu, ambayo sina uhakika kama ilikuwa ya mafua, na kitabu kikamponyoka kikaanguka kwenye tope.

"Samahani," alisema. "Nimepoteza ukurasa."

Hawisa alimnyanyua Jokosa, akampachika kiunoni, akakamata gauni la harusi kwa mkono mwingine, akakimbia.

"Bibi!" alisema Fulko. "Bibi, wapi?" Halafu tukasikia akili ikimfikia. "Mkamateni! Mkamateni, anakwenda kwa askofu!"

Akapita makaburini. Akaruka mtaro. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, hakugeuka. Barabarani kinamama walikuwa wamejipanga na watoto wao, na Baba Askofu alikuwa juu ya farasi wake mweupe, hajashuka, kwa sababu maaskofu wa kule hawashuki kwa ajili ya tope. Aliinama kwenye tandiko, akawapaka watoto mafuta mmoja mmoja kama anayepiga mihuri, huku farasi akisogea mdogo mdogo.

Alikuwa amemfikia wa mwisho.

"Baba Askofu!" Hawisa alifika akihema, nywele zimefumuka, mguu mmoja mtupu. "Mmoja zaidi. Nakuomba. Mmoja tu."

Askofu aliwatazama, gauni la hariri lenye matapishi ya mtoto begani. Alikuwa ameona mengi maishani mwake, hakuuliza. Akachovya kidole gumba kwenye mafuta.

"Nani anamsimamia?"

"Mimi."

"Basi, mtoto. Weka mguu wako juu ya mguu wa msimamizi wako."

Maana ndivyo inavyofanywa: mguu wa mtoto unakanyaga mguu wa mtu mzima, na hapo wameungana.

Hawisa alimshusha Jokosa chini, akasogeza mbele mguu wake usio na kiatu. Nyuma yao Fulko alikuwa ameufikia mtaro. Aliuruka, akaanguka, akainuka.

Jokosa aliinua mguu. Kisha akauacha hapo hapo, hewani.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa asubuhi nzima, msomaji. Ameshika pindo, amenyamaza, amesikiliza kila neno. Mtu mzima akiwa na shughuli zake husahau kwamba watoto wana masikio.

"Nikikukanyaga," alisema polepole, "hutaolewa na baba."

"Jokosa, mpenzi, haraka."

"Na hutakuwa mama yangu."

Tone la mafuta lilianguka kutoka kwenye kidole cha askofu, likatua kwenye tope la barabarani. Fulko alikuwa hatua ishirini. Kumi na tano.

"Niambie ukweli," alisema mtoto, na machozi yakaanza kumtoka, huku kiatu chake kidogo kikining'inia juu ya vidole vya Hawisa vilivyokufa ganzi. "Ulikuwa unanisuka kwa sababu unanipenda, au ulikuwa unajifanya tu, kama ile homa?"